Vitabu vya Maajabu, na Watu Waliovichapa Wenyewe

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Natumaini kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: ngano, riwaya, mpiga chapa, mchapishaji. Tutayaeleza moja moja mbele ya safari.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya vitabu vya majini, mizimu na uchawi katika lugha yetu. Nimeichagua kwa sababu ya barua. Mama mmoja, mwanafunzi wa darasa la Manyovu, katika wilaya ya Buhigwe, ametuandikia kwa mkono wake mwenyewe. Nitawasomea.

"Mwalimu, mwaka huu nimejua kusoma. Kijana wangu alinunua kitabu sokoni, nami nikakisoma polepole, nikakimaliza. Kinaeleza habari za bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye usiku huruka kwa ungo na kula watoto wa jirani. Jirani yangu ni bibi kizee, hana mume wala mtoto, na macho yake ni mekundu. Tangu kitabu kile kisomwe kwa sauti nyumbani kwangu, watoto wanamkimbia. Juzi walimtupia mawe. Wengine husema kitabu hicho kitaleta jini nyumbani, nikichome. Wengine husema kilichopigwa chapa hakiwezi kuwa uongo. Nifanye nini?"

Barua hiyo ina maswali mawili. La kwanza: je, kilichopigwa chapa ni kweli? La pili: je, kitabu cha uchawi ni kitu kibaya? Tukijua historia ya vitabu hivi, tutaweza kujibu yote mawili.

Tuanze mwanzo. Zamani ngano zilikaa vinywani mwa wazee. Ngano ni hadithi isemwayo kwa mdomo, aghalabu jioni, watu wakiota moto. Huko Buha, kwenye vilima vya Kasulu, Kibondo na Manyovu, ambako baridi ya asubuhi huwaingia watu mifupani, kuota moto si jambo geni, na ngano si jambo geni. Kila msikilizaji alijua kuwa fisi hasemi na sungura hanunui ng'ombe. Hakuna aliyetoka pale akaenda kumshtaki sungura. Msimulizi alikuwa mbele yao, wanamjua, na akitia chumvi humwambia, "Mzee, umezidisha!"

Kisha zikaja chapa. Mwaka 1870 Mwingereza mmoja aliyekuwa Unguja, Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alitoa kitabu cha ngano alizosimuliwa na watu wa huko. Ndani yake mna habari za Sultani Majnun na paka wake. Paka yule alianza kwa kula wanyama wa kufugwa. Watu wakashtaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na mali ni yake, wamwache. Paka akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watu, akawa dubwana, akaitwa Nunda mla watu. Mwisho akala hata watoto wa Sultani. Ndipo mtoto mdogo aliyekuwa akidharauliwa akatoka kumtafuta, naye akamwua.

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Dubwana lile lilitoka wapi? Halikutoka katika kibanda cha mjane. Lilitoka katika nyumba ya mfalme, likalelewa na mfalme, na likakua kwa sababu mfalme hakutaka kusikia kilio cha watu wake. Wekeni jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

Katika miaka ya utawala wa Waingereza, vitabu vingi vya Kiswahili vilitolewa na misheni na kampuni za Ulaya kwa ajili ya shule. Watu walisoma Alfu Lela Ulela na Hekaya za Abunuwasi. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo ilikagua Kiswahili cha vitabu. Mwaka 1948 kukaundwa ofisi ya kutoa vitabu vya Afrika Mashariki. Kwa hiyo kitabu kilipita mikononi mwa watu wengi kabla hakijamfikia msomaji. Wengine waliona hiyo ni faida, wengine waliona ni kizuizi. Yote mawili yalikuwa kweli.

Sasa nataka kuwaeleza vitabu vitatu vya maajabu ambavyo mimi mwenyewe, kama msomaji, navipenda.

Cha kwanza ni Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, mtu wa Tanga, kilichotolewa mwaka 1952. Adili ni liwali mwema. Lakini ana siri: kila usiku huchukua mjeledi akawapiga manyani wawili. Mfalme akasikia, akamwita aeleze. Kumbe manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Walimfanyia ubaya kwa wivu, na jini aitwaye Huria akawageuza kuwa manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Wanaopigwa wanaumia, na anayepiga anaumia zaidi. Hapa uchawi umewekwa juu ya wivu wa watu waliokuwa na mali na ndugu mwema, wakataka na zaidi.

Cha pili ni Kufikirika, cha Shaaban Robert huyo huyo. Yeye alifariki mwaka 1962, na kitabu kikatoka mwaka 1967. Mfalme hana mtoto. Anaita waganga wa mizizi, wa makafara, wa hirizi, wa mazinguo na wa utabiri. Mtoto anapatikana, lakini baadaye anaugua. Inasemwa kwamba hatapona ila zitolewe kafara za watu wawili, mmoja mjinga na mmoja mwerevu. Je, damu ya watu wawili ni halali kwa afya ya mwana wa mfalme? Kitabu chaliuliza swali hilo mbele ya macho yetu. Mwisho wake sitawaambia. Kitafuteni, mkisome wenyewe.

Cha tatu ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi hii ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu baadaye. Mtu amekutwa ameuawa mahali pa mzimu. Watu wanaogopa mzimu. Lakini Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, haridhiki. Anauliza maswali, anatazama, anapima. Naye hatafuti pepo. Anatafuta mtu mwenye mikono miwili na sababu ya kuua. Mwaka 1968 mwandishi huyo alitoa kingine, Kisima cha Giningi. Giningi, katika masimulizi ya Wazanzibari, ni mji wa wachawi usioonekana kwa macho.

(Hapa mwalimu wa darasa asimamishe redio kidogo. Wanafunzi waseme: Katika kila kitabu, ubaya umetoka kwa nani?)

Haya, tuendelee. Maneno matatu ubaoni yanangoja. Riwaya ni hadithi ndefu iliyoandikwa. Mpiga chapa ni mwenye mtambo wa kuchapa. Ukimlipa, atakuchapia chochote, hata kadi ya harusi. Mchapishaji ni mwingine. Yeye huchagua kitabu, hukisahihisha, hulipa gharama na hutafuta wanunuzi. Sasa, je, mwandishi aweza kuwa mchapishaji wa kitabu chake mwenyewe? Ndiyo, na huko Tanzania jambo hilo lina historia kubwa.

Mwaka 1966 ilianzishwa nyumba ya vitabu ya taifa, Tanzania Publishing House. Ilifanya kazi njema, lakini isingeweza kutoa kila kitabu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu kama sukari na sabuni. Waandishi wa riwaya za kusisimua waliona wakingoja watazeeka. Wakaanzisha kampuni zao wenyewe. Elvis Musiba alitoa Kikosi cha Kisasi kwa njia hiyo, na watu wakakinunua kwa wingi.

Na hapa wasikilizaji wa Buha wakae sawasawa, maana nawatajia mtu wa kwao. Ben Mtobwa alizaliwa Kasulu mwaka 1958. Aliandika riwaya nyingi, na mpelelezi wake Joram Kiango akawa kama jamaa wa kila nyumba yenye msomaji kijana. Mtobwa alianzisha kampuni yake, akaiita Heko. Mwaka 1990 Heko ilitoa Dar es Salaam Usiku, kitabu ambacho baadaye kilichapwa tena Nairobi na kufasiriwa kwa Kiingereza. Alifariki mwaka 2008. Majina ya vitabu vyake yatisha: Salamu Kutoka Kuzimu, Malaika wa Shetani. Mtu akiyasikia atadhani ni mambo ya mizimu. Akifungua, anakutana na wahalifu na wapelelezi, watu wa nyama na damu. Jina ni chambo cha ndoano, na mvuvi wa Ziwa Tanganyika ajua kuwa chambo si samaki.

Si kwetu tu. Huko Marekani, kijana aitwaye Christopher Paolini aliandika riwaya ya joka na uchawi, Eragon. Mwaka 2002 baba na mama yake walikichapisha wenyewe. Kijana akazunguka katika shule na maktaba, amevaa mavazi ya kizamani, akikieleza na kukiuza. Mwaka 2003 kampuni kubwa ikakichukua, kikaenea duniani. Basi, kujichapishia si aibu wala si dalili ya kitabu kibovu.

Siku hizi kazi ni rahisi zaidi. Mwandishi aweza kuchapa nakala chache mjini, au kuuza hadithi kipande kipande kwa simu. Wengi huchagua uchawi, kwa kuwa uchawi huuzika.

Nimesoma vingi vya namna hiyo, nami nitasema maoni yangu waziwazi. Kwanza, vina uhai. Mwandishi aliyetoa fedha yake mfukoni hawezi kumchosha msomaji, maana akimchosha hatauza. Lugha yake ni ya watu wa sokoni na wa ndani ya basi. Mtu aliyejua kusoma jana atakesha na kitabu kama hicho, na kukesha na kitabu ndiko kunakomfanya mtu awe msomaji. Kwa hiyo sitaki kuvidharau.

Pili, vina kasoro. Hakuna aliyevisahihisha. Herufi zinaanguka, mtu aliyekufa ukurasa wa 20 anakunywa chai ukurasa wa 40. Hayo ni madogo.

Kasoro kubwa ni nyingine, nayo ndiyo shabaha ya somo letu. Katika vitabu vile vitatu, na katika ngano ya Nunda, uchawi na ubaya umewekwa juu ya nani? Juu ya mfalme asiyesikia, ndugu mwenye wivu, jumba linalotaka damu ya raia, mwuaji aliyejificha nyuma ya mzimu. Lakini katika vijitabu vingi vya siku hizi, mchawi ni nani? Ni bibi kizee, maskini, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea. Ni mtu yule yule ambaye kijijini hana wa kumsemea. Mwandishi hakufikiri. Alichukua kile kilichokuwa tayari katika uvumi, akakitia chapa.

Na uvumi huo una historia yake, nayo ni ya machozi. Katika miaka ya 1930, katika nchi ambazo leo zaitwa Malawi na Zambia, vijana walioitwa mchape walikwenda kijiji kwa kijiji. Waliwapanga watu mstari, wakawatazama kwa kioo, wakasema: huyu ni mchawi, huyu si mchawi. Kisha wakawanywesha dawa. Baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960, kazi kama hiyo ilionekana Ufipa kwa jina la kamchape. Jina hilo limesikika hata mkoani Kigoma katika miaka ya karibuni. Popote walipopita, waliacha majirani wasioamkiana.

Tena, kuanzia mwaka 2007 hivi, nchi nzima ilisikia habari za watu wenye ualbino kuuawa, kwa kuwa kulikuwa na waliosema viungo vyao vinaleta utajiri. Watoto walipelekwa mahali pa kuwalinda, na Shule ya Msingi ya Kabanga, huko Kasulu, ilikuwa mojawapo. Januari 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Watu wale hawakuuawa na jini. Waliuawa na hadithi iliyosadikiwa. Shaaban Robert alikuwa ameuliza swali lake juu ya damu ya binadamu miaka mingi kabla ya hapo. Laiti wengi wangalisoma!

Sheria nayo imesema. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ni ya mwaka 1928. Kwa sheria hiyo si kosa tu kujidai mchawi. Kumtaja mwenzako kuwa mchawi, mahali pasipo mbele ya wakuu wanaohusika, nako ni kosa. Tangu siku za babu zetu, basi, mwenye kunyosha kidole ameonywa.

Sasa namjibu mama wa Manyovu.

Mama, swali lako la kwanza: kilichopigwa chapa ni kweli? Sivyo. Umesikia leo kwamba mpiga chapa huchapa chochote anacholipwa. Mtambo haujui kweli wala uongo, kama jembe lisivyojua shamba la nani. Ukipata kitabu, tazama ukurasa wa mbele. Nani ameandika? Nani amechapisha? Kimeitwa riwaya, au kimeitwa habari? Mwenye kitabu chako ameandika riwaya. Hakufika Manyovu, wala hamjui jirani yako.

Swali la pili: kitabu cha uchawi ni kibaya? Si lazima. Kitabu hakileti jini. Karatasi ni karatasi. Usikichome, maana kukichoma ni kuwaambia watoto kwamba kina nguvu kweli. Kisome tena mbele yao, na safari hii usimame katikati ya ukurasa uwaulize: kwa nini mwandishi amemchagua bibi kizee? Angemchagua tajiri, je? Angemchagua mwenye duka? Watoto wana akili; watajibu.

Na yale macho mekundu, mama? Mtu aliyepika miaka 50 katika jiko la kuni, nyumba haina dirisha, moshi unakosa njia, macho yake yatakuwa ya rangi gani? Hebu jitazame wewe mwenyewe katika kioo baada ya kupika maharage. Kama wachawi hujulikana kwa macho, basi hakuna mpishi atakayesalimika huko Buha.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo, lakini nakuomba ulifanye. Watoto wale waliotupa mawe, wachukue kwa mkono, uende nao mpaka kwa bibi. Wamwamkie kwa heshima na kumwomba radhi. Kisha umwombe akusimulie ngano moja aliyosimuliwa naye alipokuwa mtoto. Wewe sasa wajua kuandika. Iandike katika daftari lako, na juu yake uandike kwamba msimulizi ni yeye. Naye atakuwa na kitabu, na ndani yake hatakuwa mla watoto, atakuwa mwenye kusimulia.

Ndugu wanafunzi, hilo ndilo zoezi letu sote kwa juma hili. Kila mmoja amwendee mzee mmoja, aandike ngano yake, mistari kumi au zaidi.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya mpiga chapa na mchapishaji?
2. Nunda alikua katika nyumba ya nani, na kwa nini hakuuawa mapema?
3. Mtobwa alizaliwa wapi, na kampuni yake iliitwaje?
4. Sheria ya mwaka 1928 yasema nini juu ya kumtaja mtu kuwa mchawi?
5. Chukua hadithi yoyote ya uchawi unayoijua. Ubaya umewekwa juu ya nani? Je, mtu huyo ana nguvu, au hana wa kumtetea? Mjadiliane.

Mwalimu wa darasa, kusanya madaftari baada ya juma moja. Kwaherini.